Deni lililopunguzwa na mtu aliyekwisha kuhama

Mwaka 2019 nilikuwa nashika mifumo ya kompyuta ya SACCOS moja ndogo. Asubuhi moja mkaguzi wa ndani, mzee mstaafu wa benki, alinijia na kitabu cha mwanachama mkononi. "Kijana, deni la huyu mama limepungua laki nne, na risiti hakuna. Nitafutie nani kagusa."

Nikafungua kumbukumbu za seva. Mstari wenyewe niliupata upesi: amri ya UPDATE, ya kubadilisha kilichokwisha kuandikwa, kwenye jedwali la mikopo, siku na saa yake, na jina la mtumiaji. Jina hilo lilikuwa la mtaalamu aliyetutengenezea mfumo. Huyo alikuwa ameshaacha kazi tangu mwaka uliotangulia, yuko zake Dar es Salaam.

Wala hakuwa ameingia kwa siri. Kompyuta zote za ofisi ziliunganishwa na hifadhidata kwa akaunti yake. Nenosiri lake lilikaa kwenye faili la mipangilio la kila mashine, mtu akifungua analisoma. Na akaunti yenyewe ilikuwa ya msimamizi mkuu, ambaye PostgreSQL, programu iliyoendesha hifadhidata yetu, haimuulizi ruhusa kwa lolote. Baadhi ya mashine zilikuwa hata na pgAdmin, programu ya kuifungua hifadhidata moja kwa moja, eti kwa ajili ya "marekebisho madogo". Anwani ya kompyuta iliyotuma amri ile haikuandikwa, maana hakuna aliyewahi kuweka mpangilio huo. Kwenye kikao, kila mmoja alikuwa anaangalia meza.

Mzee akasema kwa upole kwamba hana haja ya kumshtaki mtu. Anataka kila mtu aingie kwa jina lake. Kazi nikapewa mimi.

Sikuanzia kwenye kompyuta. Nilizunguka madirishani na daftari nikiuliza: wewe unaandika nini, unasoma nini, kuna siku unafuta? Hapo ndipo kazi ya ruhusa ilipo. Amri zenyewe ni za kuchapa tu. Kutokana na daftari lile nikaunda majukumu, yaani vikundi vya ruhusa visivyoweza kuingia kwenye mfumo vyenyewe: keshia, mikopo, uhasibu, ukaguzi. Ruhusa zote nikazifunga kwenye majukumu hayo, halafu kila mfanyakazi akapata akaunti yake na kuwekwa chini ya jukumu lake. Akihamishiwa dirisha lingine, unamtoa huku unamwingiza kule, basi.

Ugomvi ulikuwa kwenye jedwali la miamala. Nilitaka makeshia na wahasibu wawe na SELECT na INSERT tu, yaani wasome na waongeze, pasiwe na UPDATE wala DELETE, yaani wasibadilishe wala wasifute. Nilijiandaa kubishana na mhasibu mkuu, mama mmoja mkali ambaye hata meneja alimwogopa kidogo. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayefundishwa kula. "Mwanangu, kwani kwenye leja mtu anafuta? Umekosea, unaandika ingizo la kurudisha, kisha unaandika la sahihi. Nyie watu wa kompyuta ndio mlioleta kufuta." Tokea hapo akawa upande wangu.

Meneja ndiye aliyekuwa mgumu. "Mimi ni meneja. Siwezi kunyimwa kitu kwenye ofisi yangu." Nilikosa la kumjibu, ila mzee alikuwapo. Akamuuliza, "Meneja, siku hela ikipotea, utapenda jina lako liwemo kwenye orodha ya walioweza kuichukua?" Meneja akacheka, kisha akanyamaza. Akachukua ruhusa ya kusoma tu, na sijawahi kumsikia akiilalamikia.

Jumamosi mchana, ofisi ilipofungwa, nikatekeleza. Kulikuwa na vitu ambavyo usipovijua vinakusumbua. Keshia ukimpa INSERT bila USAGE, yaani ruhusa ya kutumia, ya mfuatano unaozalisha namba za miamala, anakwama kwenye muamala wa kwanza. Kutoa ruhusa kwa majedwali yote ya skima, yaani kundi la majedwali ndani ya hifadhidata, kunagusa yaliyopo leo tu. Yatakayozaliwa kesho yanahitaji ALTER DEFAULT PRIVILEGES, nayo inahusu yale tu yatakayoundwa na jukumu unalolitaja. Sisi tulikuwa toleo la 11 la PostgreSQL, na huko yeyote aliyeweza kuingia aliruhusiwa kuunda jedwali kwenye skima ya public. Nikaiondoa ruhusa hiyo kwa amri ya REVOKE. Toleo la 15, mwaka 2022, ndilo lililokuja likiwa limeshaiondoa lenyewe.

Mwisho nikataka kuifuta akaunti ya yule mtaalamu. DROP ROLE ikagoma: vitu kadhaa bado vinamtegemea. Kumbe majedwali yote, mifuatano yote, hata skima za ripoti, mmiliki alikuwa yeye. Ni kama mtu aliyehama mtaa wakati hati ya nyumba bado ina jina lake. Dawa yake ni REASSIGN OWNED, kuhamishia umiliki kwa jukumu lisiloingia, kisha DROP OWNED kusafisha ruhusa zilizobaki. Zote mbili zinafanya kazi ndani ya hifadhidata uliyomo tu, kwa hiyo nikazirudia kwenye ile ya mafunzo pia. Ndipo akafutika.

Aliyepunguza lile deni hatukumjua. Mzee alilirudisha kwa kufuata kitabu cha mwanachama, mwenyewe akaitwa akasaini.

Jumatatu saa tatu hivi, keshia wa dirisha la pili aliita kwa sauti kwamba mfumo umeharibika: kaingiza elfu hamsini badala ya elfu tano, anataka kufuta, unamwambia hana ruhusa. Nikainuka niende. Kabla sijafika, mhasibu mkuu alishajibu kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa: "Haujaharibika. Andika la kurudisha, na sababu uandike."