Mdomo wa namba kumi wetu

Jumapili hii saa tisa alasiri kamati ya timu yetu itakaa nyuma ya duka la mwenyekiti hapa Busia, upande wa Uganda, kuamua jambo moja tu: tumsajili tena namba kumi wetu, au tumpe barua aende zake. Mimi si mjumbe wa kamati, ni mtunza jezi. Nimebeba gunia la jezi za timu hii kwa miaka 11, na safari hii wameniambia nije nitoe maoni. Mbele ya watu mimi husahau nusu ya nilichokusudia, kwa hiyo naandika hapa kwanza.

Nianze na viatu vyake. Kwao ni Majanji, ziwani, baba yake ni mvuvi, na viatu anavishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Fundo ni lile lile la wavuvi: dogo, limekazwa kwa meno, halifunguki hata uwanja ukijaa maji. Msimu uliopita kiatu cha kulia kilishonwa mara nne. Mara ya nne nilimmulikia kwa taa ya simu, kwa sababu giza lilikuwa limeingia na kesho yake tulikuwa na mechi. Mechi ikiisha, wenzake hunirushia jezi zimefinyangwa na soksi ndani yake. Yeye huigeuza yake upande wa nje, huikung'uta udongo, huikunja na kuiweka juu ya gunia, namba ikitazama juu. Hakuna aliyemfundisha. Naanza na hayo kwa sababu kwenye kamati watu wanamwita "mtovu wa nidhamu", na neno nidhamu mimi nalijua kwa macho, si kwa kusimuliwa.

Kuhusu mpira wake sina haja ya kupiga kelele. Hata wanaomchukia huja mapema kumtazama.

Tatizo ni mdomo. Basi nieleze ilivyokuwa, kwa sababu mjini hadithi imeshapikwa namna nne au tano.

Kipa wetu alivunjika mtulinga kwenye mechi ya nyumbani. Aligongana na mshambuliaji wao, akaanguka vibaya, na sisi tulio karibu na goli tukasikia mfupa. Siku hiyo hiyo kofia ilizungushwa uwanjani. Wauza karanga walitoa, madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka walitoa, watoto walitoa sarafu. Pesa zilifika ofisini. Wiki iliyofuata tulikuwa na mechi Soroti na hatukuwa na nauli, kwa hiyo pesa za kipa zikakodi teksi mbili. Hakuna aliyeziiba, na hilo nataka lieleweke vizuri. Zilienda kwenye safari, kwa ahadi kwamba zitarudishwa. Hazikurudishwa. Mama yake kipa, anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni, akaanza kulipa kliniki kidogo kidogo kutoka kwenye kapu lake.

Namba kumi aliuliza. Aliuliza mazoezini, akaambiwa subiri. Akauliza ofisini, akaambiwa wewe cheza mpira. Akauliza mara ya tatu mbele ya timu nzima, akaambiwa asilete siasa. Mara zote tatu nilikuwepo. Ndipo jioni moja akaalikwa kwenye kipindi cha michezo redioni, mtangazaji akamuuliza kuhusu mechi ya Jumamosi, naye akajibu kwamba kabla ya Jumamosi angependa kujua pesa za kipa wake ziko wapi. Nilikuwa kwa kinyozi. Kinyozi alizima mashine, sote tukabaki tunaitazama redio.

Kuanzia hapo Haji, mwenyekiti wetu, hajalala vizuri. Ni mtu mwema, nasema hivyo bila kumpaka mafuta. Timu hii ingekuwa imekufa zamani bila mfuko wake. Lakini aliumia. Juzi nilipita dukani kwake, akanimiminia chai, akasema, "Yule kijana ametuvua nguo sokoni."

"Haji, samahani, lakini alichosema ni uongo?"

"Si uongo. Lakini ya nyumbani husemwa nyumbani."

"Aliyasema nyumbani mara tatu, Haji."

Hakunijibu. Alimhudumia mteja wa sukari, kisha akarudi na mfano wa Feisal Salum: jinsi alivyovutana na Yanga, mama yake akasema mwanawe alikuwa anakula ugali na sukari, mpaka Rais Samia akaomba jambo hilo limalizwe na mchezaji akaishia Azam mwaka 2023. "Unataka na sisi tufike huko?" Nikamwambia Yanga hao hao walipelekana na mchezaji wao Bernard Morrison mpaka mahakama ya michezo ya kimataifa baada ya yeye kwenda Simba mwaka 2020, maneno yakasemwa ambayo siwezi kuyarudia, na mwaka 2022 wakamfungulia mlango akarudi kuvaa jezi yao. Na Emmanuel Okwi wetu, mtoto wa Uganda, Simba walimuuza Tunisia mwaka 2013, kule mambo ya mishahara yakaharibika, akazunguka hadi Yanga kwa mahasimu, na bado Simba wakamrudisha. Akaondoka, wakamrudisha tena. Msimu wa 2017/18 akafunga mabao 20, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania na Simba wakachukua ubingwa. Klabu kubwa namna ile, zenye majina ya kulinda kuliko letu, zilimeza mate zikaendelea.

Haji akasema hizo ni klabu za pesa. Ni kweli, ni za pesa. Lakini kumeza mate hakuna gharama.

Kuna siku moja ambayo haijaniacha. Oktoba 2011 nilipanda basi usiku kwenda uwanja wa Namboole, Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, na Kenya, mechi ya kutafuta tiketi ya AFCON 2012. Basi lilijaa watu wa pande zote mbili za mpaka, Waganda na Wakenya tukitaniana njia nzima. Siku chache kabla ya hapo kocha wa Cranes, Bobby Williamson, alikuwa amemtoa mchezaji wetu David Obua kambini. Sisemi Obua angekuwepo tungeshinda, hakuna mtu anayeweza kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba nilikaa kwenye zege dakika 90 nikitazama mipira ya juu ikipotea mbele ya goli la Kenya, na kila ilipopotea jirani yangu alitaja jina lake kwa sauti ya chini. Ikaisha 0-0. Mara ya mwisho Uganda kucheza fainali hizo ilikuwa 1978, na tukasubiri tena hadi 2017. Njiani kurudi hata Wakenya hawakututania.

Halafu 2019, Misri. Cranes hao hao waligoma kufanya mazoezi kabla ya mechi na Senegal kwa sababu ya marupurupu yao. Tuliitazama mechi kwenye kibanda cha video, Mané akatufunga, 1-0, tukatolewa. Kuna waliowalaani wachezaji. Haji alisimama, nakumbuka alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akasema wale vijana wana haki yao, mtu haombwi jasho kisha akanyimwa ujira wa jasho. Watu walimpigia makofi. Jumapili nitamkumbusha hilo, kwa heshima, maana ni mkubwa wangu.

Sasa nije kwenye jambo linalonikwaza mimi kwa huyu kijana, ambalo kamati nzima haijaligusa.

Tuna beki wa kushoto wa miaka 17, mwanafunzi. Kwenye mechi moja ya nyumbani alipitwa mara mbili upande wake, tukafungwa mabao mawili. Mapumziko, tukiwa chini ya mti, namba kumi alimwendea akamwambia maneno. Hakutukana matusi, lakini alimwambia nguo ile anayovaa kuna watoto wanaililia kijijini, akaivue ampe anayeiweza. Alisema kwa sauti ambayo hata mashabiki kwenye kamba walisikia. Kijana alivuta shingo ya jezi juu akafunika uso nayo. Nilikuwa nimeshika dumu la maji, nikabaki nimelishika. Kipindi cha pili alicheza kama anayeogopa mpira, na wiki nzima hakuja mazoezini.

Baadaye nilimfuata namba kumi, amekaa anashona kiatu.

"Mwanangu, yule mtoto alikukosea nini?"

"Mzee, nilikuwa na hasira."

"Hasira za ofisini umezimalizia kwa mtoto."

Alinyamaza, akavuta uzi, akaukaza kwa meno. Siku mbili baadaye nilisikia amemfuata kijana kwao, amemnunulia rolex, chapati yetu ya mayai, wamekula pamoja nyuma ya kituo cha boda. Nilifurahi, lakini si sana. Alimuumiza mbele ya watu, akamwomba radhi kichochoroni.

Hapo ndipo ninapoachana na kamati, na pia na mashabiki wanaomtetea kwa kila kitu. Wote wanauona mdomo wake kama kitu kimoja. Kamati inasema ni mbaya, mashabiki wanasema ni mzuri. Mimi nimeusikia kwa karibu na najua ni midomo miwili. Kuna ule unaosema na wakubwa, wenye ofisi na mhuri, kwa ajili ya mtu aliyelala na mfupa uliovunjika. Ule sitaki aufunge, na timu ikimwacha kwa sababu ya ule, kila mchezaji atakayebaki atajifunza kunyamaza, hata siku atakapoona jambo baya zaidi ya hili. Na kuna ule unaoshuka kwa mtoto asiye na mahali pa kujibia. Ule ndio kamati ingemwita na kumkalisha chini kwa ajili yake. Hawajamwita. Adhabu ya kukosa mechi mbili alipewa kwa sababu ya redio. Kwa sababu ya kijana hakupewa hata onyo.

Kwa hiyo maoni yangu ni tumsajili, kwa msimu mmoja, na kiasi cha marupurupu kiandikwe kwenye karatasi pamoja na siku ya kulipwa, kitumwe kwa simu ili kila mtu abaki na ujumbe. Kitambaa cha unahodha asipewe bado. Na kabla ya mazoezi ya kwanza, timu ikiwa imezunguka, amwombe radhi yule beki hapo hapo chini ya mti. Nimemwambia hayo mwenyewe kwa simu. Alikaa kimya kitambo, akasema ya mtoto amekubali, atafanya. Ya redio hatamwomba mtu radhi. Nikamwambia sikumuomba afanye hivyo.

Na tusijidanganye kwamba atakaa bila timu. Mji wetu ndio huu ambao jina la bodaboda lilizaliwa kwa kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kuna timu upande wa Kenya imeshamtumia mtu, na kutoka hapa hadi kule ni mwendo wa miguu tu. Msimu ujao tungekuwa tunalipa kiingilio kumtazama.

Kuna jambo langu mwenyewe ambalo Jumapili lazima niliseme, na ndilo linalonipa uzito. Siku ya kwenda Soroti, aliyewahesabia pesa madereva wa zile teksi ni mimi. Zilikuwa noti za 1,000 na za 2,000, zimekunjwa kunjwa, na sarafu zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilizijua. Nilikuwa nimeishika kofia ile kwa mikono yangu uwanjani. Nilihesabu, nikatoa, nikapanda teksi nikakaa juu ya gunia langu, sikusema neno mpaka Soroti. Siku namba kumi aliposema redioni nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na moyoni nilijua kwamba anasema maneno yangu. Miaka 11 mimi ni mtu wa timu hii, na aliyesema ni kijana ambaye timu ilikuwa haijamlipa hata yeye.

Jana nilienda kliniki nikaomba hesabu ya kipa. Mama yake ameshalipa zaidi ya nusu. Salio ni shilingi 180,000. Wamenipa karatasi yenye mhuri, nimeiweka kwenye mfuko wa soksi ndani ya gunia ili isilowane. Nitaiweka mezani kabla Haji hajafungua kikao kwa dua, niombe salio hilo lilipwe hapo hapo, na mchango wa kwanza utoke mfukoni mwangu. Jina la namba kumi lisomwe baada ya hapo.