Jinsi Nilivyochagua Trekta Dogo la Shamba Letu la Isinya

Mvua za vuli za 2023 ndizo zilizonifanya niache kutegemea trekta la kukodi. Ninaishi South B, Nairobi, na shamba letu la ekari saba liko upande wa Isinya, Kaunti ya Kajiado, ambako udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaojulikana kwa wengi kama udongo wa pamba. Mwaka ule tulikuwa tumepatana na mwenye trekta kubwa kwamba angelima mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mvua kuanza. Alituahirisha mara tatu, na alipofika hatimaye mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Trekta liliingia shambani hatua thelathini hivi, likazama hadi kwenye ekseli, likaitiwa jingine la kulivuta, na yote mawili yakaacha mifereji ambayo kiangazi kilipofika iligeuka migumu kama matofali. Hadi leo kuna sehemu ambazo nyasi hazijapona vizuri, kwa sababu udongo wa aina hiyo ukikandamizwa ukiwa umelowa haufunguki upesi.

Anayelima udongo mweusi anajua kwamba siku zake za kufanyiwa kazi ni chache mno. Ukilowa unang'ang'ania jembe na viatu, nao ukikauka unapasuka nyufa za kutosha mkono kuingia hadi kwenye kifundo. Katikati ya hali hizo mbili kuna wiki mbili au tatu baada ya mvua kukatika, juu pakiwa pamekauka na chini pakiwa bado na unyevu kidogo, ambapo udongo huchanika vizuri bila kugandamana. Trekta la kukodi huja siku inayomfaa mwenye trekta. Mimi nilihitaji trekta ambalo lingekuwa pale shambani siku hizo zenyewe, hata kama lingefanya kwa siku tatu kazi ambayo lile kubwa lingemaliza kwa saa chache.

Kabla ya kwenda kwa muuzaji yeyote, mimi na mume wangu tulikaa mezani na daftari tukaandika kazi zote za shamba kwa mwaka mzima. Ekari nne zina nyasi za boma rhodes, ambazo hukatwa baada ya mvua na kufungwa marobota kwa mashine ya kukodi. Ekari moja na nusu ina ndimu zilizopandwa kwa nafasi ya mita nne kati ya mistari, na kati yake magugu humea kwa kasi ya ajabu. Kuna ekari moja ya mboga na mahindi ya nyumbani, kuna samadi ya mbuzi tunayonunua kwenye maboma ya majirani, na kuna maji ambayo wakati wa kiangazi huchotwa kwenye kisima kirefu cha jirani, mwendo wa kilomita mbili hivi. Tulipomaliza kuandika niligundua kwamba kulima, kazi ambayo sote tulidhani ndiyo sababu ya kununua trekta, kungechukua siku chache tu kwa mwaka, ilhali kubeba maji na samadi, kufyeka na kusafisha kati ya ndimu kungekuwa kazi ya kila wiki.

Orodha ile ilibadilisha maswali yangu yote. Wauzaji wengi niliowatembelea Barabara ya Mombasa na eneo la Viwandani walianza mazungumzo na nguvu za farasi: hili ni 24, lile ni 35, lile kule 50, mama unataka lipi? Nguvu ya injini ni jambo la maana, lakini haikuambii ni kiasi gani kinachofika kwenye shafti ya nyuma inayozungusha zana, ile ambayo mafundi huiita PTO, kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea njiani kwenye gia. Kwenye karatasi za maelezo kiasi hicho huandikwa kando, mara nyingi kwa herufi ndogo, na ndicho kinachoamua upana wa mashine ya kufyekea au rotaveta (mashine ya kusaga udongo) unayoweza kuendesha. Naona wauzaji wetu wangewafaa wakulima zaidi kama wangeanza kwa kuuliza zana zitakazofungwa nyuma.

Kilichonishughulisha zaidi ya nguvu ni uzito. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja, na hapo hujahesabu trela lenyewe. Njia ya kwenda kisimani inateremka kwenye mkondo mkavu wa mto kisha inapanda upande wa pili, na trekta jepesi linaweza kuvuta mzigo huo mahali tambarare bila shida, lakini kwenye mteremko trela lisilo na breki huanza kulisukuma trekta badala ya kuvutwa nalo. Fundi mmoja mtu mzima, ambaye ametengeneza matrekta kwa miaka mingi, aliniambia, "Mama, injini ndiyo inavuta, lakini kinachosimamisha ni uzito na breki." Hapo nikaondoa kwenye orodha yangu yale madogo kabisa, ingawa bei yake ilinivutia. Wakati huohuo sikutaka zito sana, maana nilikwisha kuona mifereji ya 2023. Nikakata shauri kutafuta trekta la nguvu za farasi 30 hivi, lenye uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, linalosukuma kwa magurudumu yote manne, na tairi za shambani zenye meno marefu.

Uzito unaweza kuongezwa pale unapohitajika, na hili sikulijua mwanzoni. Tairi za nyuma hujazwa maji hadi robo tatu hivi, na kwa ukubwa wa tairi nilizokuwa nikiziangalia, kila moja hubeba zaidi ya lita mia moja, maana yake zaidi ya kilo mia moja zilizokaa chini kabisa, mahali ambapo haziongezi hatari ya kupinduka. Katika nchi zenye baridi kali wakulima hulazimika kuweka dawa ya kuzuia maji yasigande, lakini huku kwetu maji ya kawaida yanatosha.

Nilipofika kwenye suala la mpya au la mitumba, nilikaa hapo karibu miezi miwili. Jirani yetu mmoja, mzee anayeheshimika sana pale Isinya, alinishauri ninunue Massey Ferguson 135 la zamani. Hoja yake ilikuwa nzuri: matrekta hayo yalianza kutengenezwa 1964, yamelima nchi hii kwa miaka mingi, na ni vigumu kukosa fundi anayeyafahamu. Nilimsikiliza kwa heshima, lakini lile alilonionyesha lilisukuma kwa magurudumu ya nyuma pekee na halikuwa na fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka, nami kijana wetu wa shamba ndiye angelikalia kila siku.

Upande wa pili kulikuwa na matrekta madogo yaliyotumika Japani, ambayo yaliuzwa kwa karibu nusu ya bei ya jipya. Mengi yalikuwa mazuri kwa macho. Nilipoyakaribia niliona kwamba maandishi yote kwenye levya yalikuwa ya Kijapani, na kwamba shafti ya nyuma ilikuwa na mwendo wa namna tatu au nne, wakati zana nyingi zinazouzwa hapa Nairobi zimetengenezwa kwa mwendo mmoja wa mizunguko 540 kwa dakika. Asiyejua aingize gia ipi anaweza kuzungusha mashine ya kufyekea kwa kasi kubwa kuliko inavyostahimili. Jambo la pili lilikuwa mikono mitatu ya kufungia zana. Yule fundi alinipa pini ya chuma yenye unene wa milimita 22, kipimo cha mikono ya chini ya zana za daraja la kwanza, ambazo ndizo nyingi kwa matrekta ya ukubwa huu, akaniambia nitembee nayo. Niliibeba kwenye mkoba wiki nane, na kila nilipoona trekta nilijaribu kuichomeka. Kwenye mawili kati ya yale ya Japani haikuingia kabisa.

Hata hivyo, moja lilinishawishi, nikamwomba fundi aje tulikague pamoja. Aliomba injini iwe haijawashwa tangu asubuhi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kasoro ya kuwaka. Alivuta kijiti cha kupimia oili akakipangusa kwenye karatasi nyeupe, akafungua kifuniko cha radieta, akapitisha kidole nyuma ya magurudumu ya mbele kutafuta oili inayovuja. Kisha akafunga nyuma zana nzito, akainua mikono hadi juu, akazima injini, akaweka alama ya chaki ukutani usawa wa zana ile, na tukanywa chai. Tuliporudi baada ya dakika ishirini, zana ilikuwa imeshuka karibu upana wa kiganja. Haidroliki, yaani mfumo wa oili unaoinua zana, ilikuwa imechoka. Muuzaji alisema ni jambo dogo la mpira wa kuzuia oili, na huenda lilikuwa hivyo, lakini saa iliyohesabu kazi za trekta lile ilionyesha saa chache kuliko zile ambazo kanyagio la klachi, lililolika hadi chuma kung'aa, lilikuwa likisimulia.

Mwishoni yalibaki mawili mapya ya kampuni tofauti, yenye nguvu karibu sawa na bei zilizokaribiana. Niliamua kwa njia ambayo ningependa kila mkulima aitumie. Niliandika spea tano kwenye karatasi: filta ya dizeli, filta ya hewa, sahani ya klachi, mpira wa ekseli ya mbele na pampu ya maji. Nikatembea Barabara ya Kirinyaga na maduka ya Viwandani siku nzima, nikiuliza kwa kila trekta bei na kama kipo dukani leo. Kwa trekta la kwanza nilipata vinne papo hapo. Kwa la pili nilipata filta mbili tu, na mengine niliambiwa yangeagizwa. Nilinunua la kwanza, ingawa lile la pili lilikuwa na kiti kizuri zaidi na gia laini zaidi.

Kabla ya kulipa nilipima vitu ambavyo watu wengi hukumbuka trekta likiwa limekwisha kufika. Ghala letu ni kontena la futi 20, ambalo mlango wake una urefu wa kwenda juu wa mita 2.28 hivi, na fremu ya kumkinga dereva ikiwa imesimama trekta lisingepita. Nilihakikisha kwamba fremu inakunjwa, na nikamwonyesha kijana wetu kwamba fremu ikiwa imesimama lazima afunge mkanda, na ikiwa imekunjwa, labda kwa kupita chini ya matawi, mkanda usifungwe, ili trekta likipinduka aweze kuruka. Kipakizi cha mbele tulikataa, kwa sababu samadi tunapakia kwa sepetu na pesa zile zilitosha kununua trela lenye breki.

Kuhusu usalama kuna jambo moja ambalo nalisema kwa kila anayekuja kuliona trekta letu. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa kila sekunde. Wanaume wengi pale kwetu huvaa shuka, na sisi wanawake hujifunga leso tukiwa shambani. Ncha ya nguo ikidakwa na shafti ile, hakuna mwenye mikono ya haraka ya kutosha kuivuta. Kwa hiyo kinga ya plastiki inayofunika shafti haiondolewi kamwe, hata ikipiga kelele, na hakuna mtu anayeikaribia bila injini kuzimwa na ufunguo kutolewa. Nilimnunulia kijana wetu ovaroli mbili siku ileile trekta lilipofika.

Juni iliyofuata, mvua za masika zilipokatika, nilikwenda Isinya kila Jumamosi na kuchimba shimo la sepetu moja ili nifinyange udongo wa chini mkononi. Jumamosi ya tatu ulivunjika vipande badala ya kunata. Tulifunga jembe la kuchana ardhi lenye ncha moja, lile mafundi wanaloliita ripa, na kijana akapita kwanza kwa kina cha shubiri moja pungufu, kisha akarudia mistari ileile akishuka zaidi, kwa sababu kwa mkupuo mmoja trekta lilianza kuinua pua. Tulirekebisha kwa kufunga vyuma vya uzito mbele. Kazi ilichukua siku tatu na asubuhi moja, na mifereji ya 2023 ndiyo tuliyoimaliza mwisho, tukiipitia mara nne. Oili ya kwanza tulibadilisha baada ya saa 50 za kazi kama kitabu kilivyoelekeza. Kwa sasa kijana wetu husafisha wavu wa radieta kwa brashi kila jioni wakati wa kukata nyasi, kwa sababu mbegu za boma rhodes huujaza ndani ya saa mbili tu.