Zana za Wasimamizi wa Mifumo na Mikono Iliyozitengeneza

Kila ninapokutana na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kusimamia seva, awe wa benki, wa chuo au wa kampuni ya simu, humuuliza swali moja: ni zana gani ambayo ikiondolewa leo, kesho hataweza kufanya kazi? Nimewauliza wasimamizi wa mifumo wa Dar es Salaam na wa Nairobi, na majibu yao yanakaribiana mno. Hutaja kwanza SSH, ya kuingia kwa usalama kwenye seva iliyo mbali, kisha rsync, ya kunakili mafaili, na Git, ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo; walio na seva nyingi huongeza Ansible, ya kuzipangia zote mipangilio. Ni nadra kumsikia mtu akitaja programu kubwa ambayo ofisi yake huilipia leseni kila mwaka. Wanachokitaja ni vitu vidogo vinavyoendeshwa kwa kuandika amri. Nimefuatilia asili ya kila kimoja, na hoja niliyoifikia ni kwamba zana hizi zimedumu kwa sababu waliozitengeneza walikuwa wakisumbuliwa wao wenyewe na tatizo lililokuwa mbele yao.

SSH ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Hadi katikati ya miaka ya 1990, msimamizi aliyetaka kuingia kwenye seva iliyo mbali alitumia programu kama telnet, ambayo ilipitisha nywila mtandaoni ikiwa wazi, kiasi kwamba yeyote aliyeweza kunasa mawasiliano yale aliisoma bila taabu. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, iligunduliwa kwamba nywila za watumiaji zilikuwa zikinaswa kwenye mtandao wa chuo. Mtafiti mmoja wa pale, Tatu Ylönen, aliandika toleo la kwanza la SSH, na mwezi Julai mwaka huo huo akalitoa kwa watu wote. Aliomba apewe poti (namba ya mlango ambao programu hupokelea mawasiliano) namba 22 kwa kuwa ilikuwa haijachukuliwa na mtu, nayo ilikaa katikati ya 21 ya FTP, ya kuhamisha mafaili, na 23 ya telnet, zana mbili ambazo alikusudia SSH ishike nafasi yao. Kufikia mwisho wa mwaka, ilikadiriwa kwamba watu wapatao 20,000 katika nchi 50 walikuwa wakiitumia. Baadaye masharti ya leseni yake yalipozidi kubana, watu wa mradi wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, walilichukua toleo la zamani lililokuwa na uhuru zaidi, wakalisafisha, na mwaka 1999 wakatoa OpenSSH, ambayo ndiyo iliyomo leo katika seva nyingi zinazotumia mfumo endeshi wa Linux.

Kuhusu rsync, mazungumzo yaliyonifunza zaidi yalikuwa na msimamizi mmoja mwenye umri mkubwa aliyeanza kazi kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani yetu mwaka 2009, wakati taasisi zilipokuwa zikitegemea setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Aliniambia, "Mdogo wangu, siku hizo hatukuwa tukituma faili, tulikuwa tukituma tofauti." Ndivyo rsync inavyofanya kazi. Andrew Tridgell wa Australia aliitoa mwaka 1996 akishirikiana na Paul Mackerras, na wazo lake bado linanistaajabisha kila nikilirudia. Kompyuta inayopokea huigawa nakala yake ya zamani katika vipande, hukokotoa namba ya utambulisho ya kila kipande, kisha huzituma namba hizo tu. Kompyuta inayotuma huvitafuta vipande hivyo ndani ya faili jipya, popote vilipo, na mwishowe hutuma yale tu ambayo mwenzake hana. Faili la gigabaiti nzima lililobadilika kurasa chache linaweza kuvuka bahari kwa megabaiti chache. Hata leo, mikongo ikiwa imeongezeka, wasimamizi wanaohamisha nakala rudufu kutoka tawi la mkoani hadi makao makuu hawajaiacha.

Tridgell huyo huyo ana sehemu katika kuzaliwa kwa Git. Tangu mwaka 2002 Linus Torvalds na baadhi ya wenzake wa kerneli, yaani kiini, ya Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kibiashara ya kutunza historia ya msimbo waliyoruhusiwa kuitumia bure. Mwaka 2005 Tridgell alianza kuandika programu huria ya kuwasiliana na seva za BitKeeper, na kampuni yenye mali ikaiondoa ruhusa ile ya bure. Torvalds alianza kuandika Git mapema mwezi Aprili, na katika siku chache tu Git ilikuwa tayari ikitunza msimbo wake yenyewe. Watengenezaji programu wanaijua vizuri historia hiyo, lakini ni wachache miongoni mwao wanaofahamu jinsi wasimamizi wa mifumo wanavyoitumia: huyaweka mafaili ya usanidi, yaani mipangilio, ya seva ndani ya Git, ili usiku huduma inapoanguka waweze kujua ni nani aliyebadilisha mstari gani, lini, na kwa sababu ipi.

Hapo ndipo linapoingia suala la usanidi wenyewe, ambalo ndilo wataalamu hulizungumza kwa hamu kuliko jingine lolote. Njia ya zamani ni skripti, yaani orodha ya amri za kufuatwa kwa mpangilio. Tatizo lake ni kwamba skripti ya kuongeza mstari katika faili ikiendeshwa mara mbili, mstari huandikwa mara mbili. Na ikikatika katikati, kwa mfano umeme ukizimika, hakuna ajuaye seva imebaki katika hali gani. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oslo na aliyejikuta akitunza kompyuta za Unix za aina mbalimbali, alitengeneza CFEngine ili kuondokana na adha hiyo. Badala ya kueleza hatua, msimamizi hueleza hali anayoitaka: mstari huu uwepo, mtumiaji huyu awepo, huduma hii iwe inaendeshwa. Programu hukagua kwanza, na hugusa tu kile kisicholingana na maelezo, kwa hiyo ukiiendesha mara mia seva itabaki vile vile. Ansible, aliyoianzisha Michael DeHaan mwaka 2012, ilifuata wazo hilo na kuongeza jambo ambalo wasimamizi wote niliozungumza nao hulisifu: haihitaji kusakinisha wakala (programu msaidizi) wowote kwenye mashine zinazosimamiwa, kwani hupitia SSH ambayo tayari ipo na, kwenye Linux, huhitaji lugha ya programu ya Python tu.

Watengenezaji programu na wasimamizi wa mifumo bado wanaishi kama mataifa mawili katika ofisi nyingi nilizozitembelea. Wa kwanza hupimwa kwa vipengele vipya wanavyotoa, wa pili hupimwa kwa utulivu wa huduma, na kila kipengele kipya ni tishio kwa utulivu huo. Mwezi Juni mwaka 2009 John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr, tovuti ya kuhifadhi picha, walieleza hadharani jinsi pande hizo mbili zilivyokuwa zikishirikiana kupandisha mabadiliko kwenye seva zaidi ya mara 10 kwa siku, na Oktoba mwaka huo Patrick Debois akaitisha mjini Ghent, Ubelgiji, mkutano uliolipa vuguvugu hilo jina la DevOps, yaani kuunganisha maneno ya Kiingereza ya utengenezaji (development) na uendeshaji (operations). Huku kwetu naona jina limepokelewa kama cheo cha kazi: kijana mmoja hukabidhiwa majukumu ya pande zote mbili, na mazungumzo yaliyokusudiwa hayafanyiki kabisa. Hilo linanisikitisha, kwa sababu kiini cha jambo kilikuwa mazungumzo yenyewe.

Mfano wa kosa la kazini ambao wataalamu hunirudia nao mara kwa mara ni wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa watu mtandaoni. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi aliyekuwa akihangaika na hifadhidata ya PostgreSQL alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Walipotafuta nakala rudufu, waligundua kwamba zile za kila siku hazikuwa zikifanyika, kwa sababu programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, na barua pepe za kuonya kuhusu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Walirejesha data kutoka katika nakala iliyochukuliwa takriban saa sita kabla, na kazi ya saa hizo ikapotea. Ninachokiheshimu ni kwamba kampuni haikumtoa mhandisi wake kafara. Ilieleza kila hatua hadharani. Msimamizi mmoja wa Nairobi aliniambia kwamba alichapa taarifa ile, akaisoma pamoja na timu yake yote, na tangu hapo wao hurejesha nakala rudufu kwenye seva ya majaribio kila mwezi.

Mwaka 2024 ulileta mfano mwingine. Andres Freund, mtengenezaji wa PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata alipoona kwamba kuingia kwa SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde na kulitumia nguvu nyingi za kichakataji. Alifuatilia hadi akafika kwenye maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya kubana data iitwayo xz, na tarehe 29 Machi akatangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa siri. OpenSSH yenyewe haiitumii maktaba hiyo, lakini baadhi ya matoleo ya Linux yalikuwa yameziunganisha kupitia systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo. Freund hakuwa mtaalamu wa usalama. Alikuwa mwandishi wa programu mwenye mazoea ya msimamizi wa mifumo, yaani kuijua mashine yake kiasi cha kutambua nusu sekunde iliyozidi, na kutoridhika hadi apate sababu.

Kwa hiyo siku hizi nikikutana na vijana wanaoandika programu, huwafikishia yale ambayo wasimamizi wameniomba niwafikishie. Programu ikishindwa, isijifanye imefaulu. Itoe namba ya hitilafu ambayo skripti nyingine inaweza kuisoma. Ujumbe wa kosa utaje faili na mstari, kwa kuwa atakayeusoma yuko macho saa nane za usiku na hana msimbo mbele yake. Logi, yaani kumbukumbu za matukio, ziwe na saa na tarehe kamili pamoja na ukanda wa saa. Kila amri inayofuta kitu iwe na namna ya kujaribiwa kwanza bila kufuta, na ionyeshe jina la seva inayoguswa kabla ya kuanza. Na kabla ya toleo jipya kupandishwa, mwandishi wake akae zamu moja ya usiku pamoja na msimamizi atakayelitunza.