Babu alikufa mkatekumeni

Shemeji yangu siku hizi anasali kwenye kanisa la upako huko Kange, Tanga. Wiki hii amenitumia ujumbe: "Shem, Wazungu wameliacha Neno. Afrika ndiyo itakayolirudisha Kanisa kwenye mstari." Chini ameweka ramani, Afrika nyekundu kama kaa la moto, Ulaya ya kijivu.

Kwa hesabu, hajakosea. Mwaka 1910 Wakristo wa kusini mwa Sahara walikuwa kama milioni 9. Kufikia 2010 walikuwa wamevuka milioni 500, na watafiti wa kituo cha Pew cha Marekani wanakadiria kwamba ifikapo 2050 karibu Wakristo wanne katika kila kumi duniani watakuwa huku kwetu. Kanisa la Episkopali la Marekani, yaani Waanglikana wa kiliberali wa kule, lililokuwa na waumini zaidi ya milioni 3 miaka ya 1960, limebaki na nusu hivi. Ila kuna jambo ambalo ramani ya shemeji haisemi. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, wahafidhina wasio na mchezo, nao wameshuka kutoka milioni 16 mwaka 2006 hadi chini ya milioni 13. Uhafidhina peke yake haujazi mabenchi.

Mimi mwenyewe ni mhafidhina, na sikufundishwa na mtu wa YouTube. Nimebatizwa Magila, huku huku Tanga, nimekua na uvumba, maungamo na Salamu Maria, katika Kanisa la Anglikana ambalo wageni wengi hudhani ni la Kiroma. Kwetu jina la Frank Weston halijasahaulika. Alikuwa Askofu wa Zanzibar, na dayosisi yake ilivuka bahari ikafika mpaka huku. Mwaka 1915 alivunja ushirika na Askofu wa Hereford, kule Uingereza, kwa sababu alimpa cheo cha kanoni msomi B. H. Streeter, ambaye Weston alimwona analegeza imani ya ufufuko. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, askofu wa pwani hii alikuwa anawafungia mlango waliberali wa Ulaya! Shemeji angempenda sana.

Lakini huyohuyo Weston, mwaka 1920, aliandika kijitabu kuishambulia serikali ya nchi yake kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Mwaka 1923 aliwaambia Waanglikana wenzake jijini London kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu kwenye tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi kanisani, kama hawamhurumii Yesu kwenye vibanda vya maskini. Leo mtu kama huyo ungemweka kundi gani? Wanaolinda kanuni ya imani wangemwita mwanaharakati, na wanaharakati wangemwita mkoloni wa dini.

Nisimpambe kupita kiasi, maana sheria ya kanisa lake ndiyo iliyomwacha babu yangu nje.

Babu mzaa mama alikuwa na wake wawili kabla hajalisikia Neno. Mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima, wa mwaka 1888 ulikuwa umeamua kwamba mwanamume wa namna hiyo asibatizwe. Afundishwe tu, asubiri. Kwa hiyo Babu alifundishwa. Alijua katekisimu kuliko wajukuu wake wote, alilima shamba la kanisa, alibeba mbao za kujengea shule. Bibi mkubwa alibatizwa, watoto wakabatizwa, na yeye akabaki benchi la nyuma. Padre alimwambia achague mke mmoja. Mama anasema alijibu, "Huyu mwingine nimpeleke wapi, na ana watoto wangu?" Hakuna aliyempa jibu. Alikufa mkatekumeni, yaani mwanafunzi anayesubiri ubatizo, akazikwa pembeni.

Mwaka 1988 Lambeth ikageuza. Mwenye wake wengi akiamini, abatizwe pamoja na wake zake na watoto walioamini, bila kulazimishwa kuwaacha, ila aahidi kutooa tena. Maaskofu wa Afrika ndio walioisukuma hoja hiyo. Miaka 100 kamili ilipita, na Babu hakuifikia.

Ndiyo maana shemeji akisema "sisi hatubadiliki" nanyamaza kidogo. Tumebadilika, tena katika jambo la ndoa. Na Mzungu anayesema Afrika ipo nyuma tu, itafika alipofika yeye, naye simwelewi. KKKT, Kanisa la Kilutheri hapa Tanzania, iliruhusu wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990, na mwaka 2010, katika Tamko la Dodoma, ikakataa ndoa za jinsia moja bila kumung'unya maneno. Ukienda usharikani unamkuta mama mchungaji madhabahuni, anahubiri mambo ambayo Walutheri wa Stockholm wangeyaita ya kale. Haoni mgongano wowote, na mimi siuoni pia.

Oktoba 2025, Sarah Mullally alipotangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiti cha heshima ya kwanza kwa Waanglikana wote, hazikupita wiki mbili Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, kwa niaba ya GAFCON, muungano wa Waanglikana wahafidhina, akatamka kwamba hawamtambui tena wa Canterbury kuwa kiungo cha umoja wao. Baada ya misa watu walilizungumza kwa dakika chache, wakahamia bei ya mahindi. Kwenye simu lilikuwa vita.

Nadhani huko ndiko tunakokwenda. Ushirika wa dunia utakatika vipande, na kila kipande kitadai Afrika ni yake. Waliberali wa Magharibi watazidi kupungua, sina shaka. Ila waumini tunaowapoteza hapa Tanga hawaendi kwa waliberali. Wanaenda alipo shemeji, wanakotozwa mbegu ya baraka kabla ya kuombewa, na huko hakuna anayeuliza habari za Streeter wala Weston. Anayetupunguzia mabenchi ni mhubiri wa huko, na juu yake sijasikia mkutano wowote wa maaskofu ukitoa tamko kali.

Nimemjibu shemeji: Afrika italirudisha Kanisa kwenye mstari, sawa, ila mwulize mchungaji wako zile sadaka za mwaka jana zimejenga nini. Ameisoma. Tiki za bluu zipo, jibu bado.