Rangi ya mtama: mashapo yamekwisha, unga utasubiri

Hatimaye imekubali! Chupa ya kinywaji nilichokitia rangi ya mtama, pH 4.5 (kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unazidi), iko mezani siku kadhaa sasa na chini hakuna mashapo, nimeigeuza, nimeimulika na tochi, nimeiweka friji nikaitoa, hakuna kitu. Mnaohangaika na rangi ya mtama mnajua hii ishu inavyochosha, kwahiyo kusaga na kuloweka naruka, naenda moja kwa moja kwenye mashapo.

Ila kwanza niseme kwa nini nimeng'ang'ana na mtama wakati rozela na kabichi ya zambarau zipo na zinatoa rangi kirahisi. Zile antosianini za kawaida, yaani rangi nyekundu na zambarau za mimea kama hiyo, ziko poa zikiwa kwenye asidi kali, ukipandisha pH mpaka 4 au 5 maji yanaivamia molekuli na rangi inapauka, ukiweka vitamini C inapauka zaidi, ukiweka salfaiti (kihifadhi cha vyakula) ndo basi tena. Za mtama, yaani apijeninidini na luteolinidini, hazina lile kundi la haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) kwenye kaboni namba 3, na hako kaupungufu kadogo ndiko kanakozipa ubishi wote. Niliweka rozela na mtama kwenye chupa zinazofanana, vitamini C sawa, dirishani kwenye jua. Rozela ikaishia kahawia hafifu, mtama ukabaki na rangi yake ya chungwa iliyoiva. Mmea wenyewe hizi rangi unazitengeneza kama silaha, ukishambuliwa na kuvu unazirundika pale palipoumia, kwahiyo sishangai zikiwa ngumu hivi. Naipenda sana hii rangi jamani.

Kwahiyo kupauka halikuwa tatizo langu. Tatizo ni kuzama. Unachuja vizuri, unapata kimiminika kinang'aa kabisa, unakiongeza kwenye kinywaji, kesho yake juu maji ya njano hafifu na chini tope jekundu. Rangi yote iko pale, haijaharibika hata kidogo, ila imejikusanya chini na ukitikisa inarudi na chenga chenga. Hii inauma kuliko kupauka kwa sababu unaiona kabisa!

Nilichokuja kuelewa ni hivi. Kwenye asidi kali molekuli ina chaji chanya, inasukumana na wenzake na maji yanaibeba. Ukikaribia pH 4 kwenda juu inaanza kuipoteza ile chaji, na kwa vile nyingi za mtama hazina sukari iliyoshikamana nazo kama antosianini za matunda, maji yanakosa pa kuzishikia. Ni bapa pia, zinapangana moja juu ya nyingine kama sahani kabatini mpaka rundo linakuwa zito linazama. Ukijua hivi unaona kwa nini kuchuja tena na tena hakusaidii, maana unachochuja ndo rangi yenyewe, na mashapo mapya yatajitengeneza tu. Sukari nyingi inachelewesha kwa sababu kimiminika kinakuwa kizito, haizuii. Kuongeza sitriki (asidi ya ndimu) kunasaidia ila kinywaji kinakuwa kikali hakinyweki. Kuacha ndani ethanoli (pombe) ninayolowekea mtama kunasaidia sana na ndiyo maana chupa ya konsentreti, yaani ile rangi nzito ikiwa bado kwenye ethanoli, haizami kamwe, lakini huwezi kumpa mtoto hiyo.

Kilichofanya kazi ni gamu arabiki, utomvu wa mti wa mgunga, ile E414 ya kawaida kwenye vyakula. Ina sehemu ndogo ya protini iliyoshikamana na sukari ndefu zenye matawi, rangi inakaa upande wa protini na yale matawi yanazitenganisha zisipangane. Wengi wanaitaja lakini hawasemi mpangilio, na mpangilio ndo kila kitu! Ukiipandisha pH kwanza halafu ukaweka gamu, umechelewa, rundo limeshajipanga na gamu hailifumui. Mimi sasa nalowesha gamu usiku kucha, kama gramu 2 kwa lita ya maji, asubuhi naweka sitriki mpaka pH 3 hivi, halafu konsentreti ya rangi ikiwa bado kwenye ethanoli inaingia tone kwa tone huku nakoroga bila kuacha, baada ya hapo naivukiza ethanoli taratibu juu ya maji ya moto kwenye jiko la umeme (mbali kabisa na moto wa wazi, tafadhali), na pH inapanda mwisho kabisa. Gamu lazima ikutane na rangi kabla rangi hazijakutana zenyewe kwa zenyewe.

Vifaa: karatasi za kupimia pH zitupeni kwa kazi hii, rangi inaipaka karatasi yenyewe unabaki unabahatisha, mita ya bei ya chini ukiikalibreti kila mara inazishinda mbali. Kikorogeo cha sumaku kinastahili kila senti, mkono unachoka na ukichoka matone yanaingia vibaya. Vyombo vya kioo au stenlesi tu.

Na hapo kwenye vyombo ndo nimepotelea. Mpango ulikuwa nikimaliza mashapo nakausha iwe unga, trei zilishaandaliwa. Ila nikawa nasoma kwa nini chuma na alumini haviruhusiwi, kumbe luteolinidini ina haidroksili mbili zimekaa jirani na zinaidaka metali, rangi inahamia zambarau, wakati apijeninidini ina moja tu upande huo, haidaki. Nikachukua vikombe viwili, kimoja rangi ya ala za majani ya mtama (sehemu ya jani inayokumbatia shina), kingine ya pumba za mtama mweusi, nikadondoshea maji ya shabu, chumvi yenye alumini ndani yake. Ya ala haikushtuka, ya pumba ikaanza kusogea kwenye wekundu wa zambarau mbele ya macho yangu! Maana yake nina kipimo cha haraka cha kujua kati ya luteolinidini na apijeninidini nimetoa ipi kwa wingi bila maabara, na pengine nina rangi ya pili kabisa kutoka kwenye mmea uleule.

Trei zimerudi kabatini. Saa hizi natafuta kiwango kidogo kabisa cha shabu kinachogeuza rangi bila kuleta ule ukakasi mdomoni, halafu nione kama gamu itaishikilia na hiyo pia. Aliyewahi kujaribu shabu na pumba nyeusi kwenye pH ya 4 aniambie alianzia gramu ngapi.