Siku niliyoambiwa kuna kitu hakina urefu

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, nimekua naiona futi shingoni kwa mama kila siku ya Mungu, ile ya kukunja ya sentimita 150, na kwetu hakuna kitambaa ambacho hakipimiki, hata mteja alete kipande kimechanwa vibaya vipi mama anakilaza mezani anapima halafu anamwambia hiki kinatoa blauzi, mikono haitoshi.

Kwahiyo nilivyofika mwaka wa 3 chuo pale Dar tukaanza kozi ya hisabati inayoitwa kipimo cha Lebesgue niliipenda toka wiki ya kwanza kabisa. Lebesgue, Mfaransa, mwaka 1902 alikuwa anataka kitu kama cha mama, kila seti ya namba kwenye mstari ipate urefu wake, hata kama imechanika chanika. Kutoka 0 mpaka 1 urefu ni 1. Namba wiano zote, yaani nusu, robo, theluthi na ndugu zao, pamoja na kwamba zimejaa kila kona ya mstari, urefu wake ni 0. Seti ya Cantor ndo ilinikosesha usingizi, unakata theluthi ya katikati unatupa, kwenye vinavyobaki unakata tena theluthi ya katikati, unaenda hivyo hivyo bila kukoma, kinachobaki urefu wake ni 0 lakini nukta zake ni nyingi sawa na za mstari mzima!! Ila bado ilikuwa inapimika. 0 nayo ni kipimo.

Sasa ikaja Jumanne moja ya mwezi wa 2, saa nane mchana, joto, feni inazungusha upepo wa moto, tuko watu 11 tu darasani. Dokta wetu, mama mmoja mpole sana, akaandika ubaoni Vitali, 1905, jina la mwanahisabati Mwitaliano. Akasema tugawe namba zote za kati ya 0 na 1 kwenye koo, namba mbili ni ukoo mmoja kama tofauti yao ni namba wiano. Halafu kila ukoo utoe mjumbe mmoja, kama mjumbe wa nyumba kumi. Wajumbe wote wakusanye, hiyo ndo seti yetu. Isogeze kwa kila namba wiano iliyo kati ya -1 na 1, nakala hazigongani hata moja, zinafunika kutoka 0 mpaka 1 yote, na zote zinaenea ndani ya mstari wenye urefu 3. Haya, urefu wa seti ni ngapi? Ukisema 0, jumla ya nakala zote ni 0, na inatakiwa isipungue 1. Ukisema ni zaidi ya 0, hata kidogo namna gani, nakala hazina mwisho kwahiyo jumla haina mwisho, na inatakiwa isizidi 3.

Akaweka chaki chini. Seti haina urefu. Siyo 0, haina kabisa.

Nilinyoosha mkono huku mwili unatetemeka. Dokta naomba utuonyeshe hiyo seti. Mjumbe wa ukoo wa namba wiano ni nani? Akasema yeyote, chukua nusu. Na ukoo unaofuata? Chagua. Na unaofuata? Hapo akaacha Kiingereza, na akiacha Kiingereza ujue anataka tusikilize. Akasema koo hizi hata kuziorodhesha haiwezekani, na hakuna sheria ya kumpata mjumbe. Akatupa mfano wa Bertrand Russell, ukiwa na jozi za viatu zisizo na mwisho unasema tu chukua cha kushoto kila jozi, umemaliza. Soksi je? Soksi haina kushoto. Ndo maana mwanahisabati Zermelo mwaka 1904 aliiweka wazi aksiomu ya uchaguzi (aksiomu ni kauli inayokubaliwa bila kuthibitishwa), kwamba wajumbe wapo, hata kama hujui umewapataje. Na Solovay mwaka 1970 alionyesha (kwa kukubali kwanza kwamba ipo namba moja isiyo na mwisho kubwa kupita kiasi) kwamba ukibaki na uchaguzi mdogo tu, wa hatua moja baada ya nyingine, unaweza kuwa na hisabati ambayo kila seti kwenye mstari inapimika.

Basi tuitupe hiyo aksiomu, nikasema, na nilimaanisha. Dokta akaniambia hauko peke yako, wanahisabati Baire, Borel na Lebesgue mwenyewe waliikataa kwenye barua walizoandikiana 1905, Hadamard ndo akaitetea. Ila kwenye kazi zao wenyewe walikuwa wanaitumia bila kujua. Na wewe pia kijana, mwaka wa 1. Fankisheni imekatika kwenye nukta a, ukasema kwa kila n chagua nukta iliyo karibu na a kwa chini ya 1/n ambayo fankisheni imeruka mbali. Nani alichagua? Na semista ijayo kwenye topolojia mtakutana na thiorema ya Tychonoff, moja ya nguzo za somo hilo, na mwanahisabati Kelley alishaonyesha 1950 kwamba ukiikubali yote umeikubali na aksiomu yote.

Jioni nikampigia mama nikamweleza nilivyoweza. Akauliza, sasa hicho kitambaa kisichopimika nani amekikata? Nikamwambia nitakupigia mama.

Usiku umeme ulikatika, nikatoa daftari la mwaka wa 1 chini ya kitanda nikaingia nalo kwenye neti na tochi ya simu, peni nyekundu mkononi, napigia mstari kila palipoandikwa chagua. Muungano wa seti zinazohesabika, nikapiga mstari. Fankisheni iliyokatika, mstari. Nikafika thiorema ya Bolzano na Weierstrass, pale unakata kipande nusu kwa nusu unachukua nusu yenye nukta zisizo na mwisho, nikashusha peni nipige mstari, halafu nikaona kwa mwandiko wangu mwenyewe wa miaka 2 nyuma: kama nusu zote mbili zinazo, chukua ya kushoto.