Kuku anaharisha kijani: nilivyoanza kuandika makala zinazopatikana Google

Usiku mmoja nilikuwa napitia Search Console kama kawaida yangu, ile huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu wametafuta nini, nikakuta kuna mtu kaandika hivi: "kuku anaharisha kijani shingo imepinda nifanyeje". Hivyohivyo, hakuna mkato hakuna nini. Nikaisoma mara mbili tatu. Yani huyo mtu kashika simu usiku, pembeni kuna kuku anasinzia, pengine wengine wawili kashawafukia asubuhi, na anaiuliza Google kama anavyomuuliza jirani yake.

Sasa makala ya huo ugonjwa ninayo. Ni kideri, wengine wanaita mdondo au Newcastle, na niliiandika kwa siku tatu nzima, nikaongea na afisa mifugo wa kata, nikaweka kila kitu. Lakini kwa maneno aliyoandika yule mtu mi nilikuwa ukurasa wa nne, na we mwenyewe sema mara ya mwisho kufika ukurasa wa nne ilikuwa lini.

Nikachukua simu nikatafuta maneno yaleyale nione waliokuwa juu yangu wamesema nini. Ya kwanza: juisi ya mshubiri na pilipili inaponya kideri siku tatu. Ya pili ni ileile, imekopiwa neno kwa neno. Ya tatu ilitafsiriwa na mashine, maana kuku wa mayai, layers kwa Kiingereza, walikuwa wanaitwa "tabaka", kila mahali tabaka, tabaka. Niliumia sana jamani. Kideri ni kirusi, kikishaingia bandani hakuna dawa ya kukitibu, kinga yake ni chanjo kabla, basi. Huyo mtu atasaga mshubiri usiku kucha, na wale kuku wazima ambao angewatenga mapema nao watakwenda.

Toka siku hiyo sitaki tena kusikia kwamba SEO, yani kuiandaa makala ionekane juu kwenye Google, ni ujanja wa watu wa biashara na mwandishi mzuri anatakiwa aandike tu, wasomaji watakuja wenyewe. Hawaji. Watasoma kilichopo juu, na kama kilichopo juu ni uongo basi watafuata uongo. Kwa hiyo naandika hapa yale niliyoyafanya, kwa wenzangu mnaoandika Kiswahili mambo ya maana halafu hayaonekani.

Kosa langu kubwa lilikuwa kichwa cha habari. Nilikiita "Ugonjwa wa Newcastle na mustakabali wa mfugaji mdogo". Kinapendeza, ila nani mwenye kuku anayekufa anaandika mustakabali? Watu wanaandika wanachokiona kwa macho: kuku anasinzia, kuku anazungusha shingo, mharo wa kijani, kuku wanakufa ghafla. Na wanaanza na maneno yaleyale siku zote, jinsi ya, dawa ya, bei ya, sababu za. Ukitaka kuyajua hayo maneno huhitaji kulipia programu yoyote, andika "kuku ana" kwenye Google halafu usibonyeze kitu, angalia inakuletea mapendekezo gani hapo chini, hayo mengi yanatokana na vitu ambavyo watu wamevitafuta kweli. Afu shuka mpaka mwisho wa ukurasa, kuna mengine tena. Mi huwa nayanakili kwenye daftari kabla sijaandika hata sentensi moja.

Kiswahili nacho kina mambo yake ambayo hizo video za SEO za Wazungu haziyagusi kabisa. Neno letu linabadilika sana mbele, sio nyuma tu. Anaharisha, wanaharisha, kuharisha, kuhara, mharo, kwa mtu ni kitu kimoja lakini kwa uzoefu wangu Google bado inasumbuka kuyaunganisha vizuri kama inavyofanya kwenye Kiingereza. Kwa hiyo mwandishi ndo afanye hiyo kazi, na sio kwa kurudia neno moja mara arobaini, hapana, hiyo inachosha msomaji na Google yenyewe inaihesabu kama spamu. Unaandika tu kama mtu anayeongea kawaida. Aya hii useme kuku anaharisha, ile nyingine useme mharo wa kijani, kichwa kidogo kiwe "Kideri au mdondo ni ugonjwa gani". Umeshawashika wa Singida wanaosema hivi na wa kwingine wanaosema vile, na Wakenya wengi ambao wanaandika Newcastle moja kwa moja.

Kuna na "pdf". Watanzania tunapenda sana kumalizia na pdf, ufugaji wa kuku wa kienyeji pdf, kilimo cha vitunguu pdf. Nilikuwa nayapuuza hayo mpaka nikaelewa mtu anachokitaka ni kitu cha kupakua asome baadaye akiwa hana bando. Nikatengeneza ratiba ya chanjo ya ukurasa mmoja, nyepesi, ya kuprinti na kubandika bandani. Ndo makala yangu inayosomwa kuliko zote mpaka leo.

Sasa kwenye hiyo ya kideri nikakwama sehemu moja. Wengi wanatafuta "dawa ya kideri" na dawa haipo. Nikiweka neno dawa kwenye kichwa nakuwa nimedanganya, nisipoweka wanaenda kwa mshubiri. Nililifikiria hilo siku mbili. Mwisho nikaandika hivi: "Dawa ya kideri (mdondo) kwa kuku: haitibiki, fanya hivi". Halafu sentensi ya kwanza kabisa, kabla ya salamu, kabla ya picha, inasema kideri hakina dawa ya kutibu, tenga wazima sasa hivi, usiuze wala usigawe kuku wagonjwa, waliokufa wafukie au wachome moto, na piga simu kwa afisa mifugo. Chini ndo nikaeleza chanjo, ile ya matone ya jicho inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, tone moja kwenye jicho la kuku, unarudia kila miezi mitatu, na kwamba inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za kideri ndo maana inafaa vijijini.

Hilo la kuanza na jibu naliamini kuliko vyote. Tumezoea utangulizi sisi. "Katika ulimwengu wa leo ufugaji wa kuku umekuwa ni miongoni mwa shughuli muhimu za kiuchumi..." mtu kuku wake anakufa! Akirudi nyuma na kufungua tovuti nyingine umeshampoteza. Na usijaze maneno eti makala iwe ndefu, Google wenyewe wameshasema hawana idadi ya maneno wanayoitaka. Yangu ya bei ya vifaranga ina maneno kama mia nne tu na iko juu kwa sababu kuna bei, tarehe niliyouliza hiyo bei, na mkoa.

Kichwa kiwe kifupi pia, ukipita herufi sitini hivi kwenye matokeo kinakatwa na msomaji anaona nusu. Ile sehemu ya kujaza "meta keywords", orodha ya maneno ambayo msomaji haioni, achana nayo, Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo, ila mpaka leo kuna watu wanauziwa huduma ya kuijaza. Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa ndo ya kuandika kwa umakini, japo mara nyingine Google inaamua kuchukua sentensi yake yenyewe kutoka ndani.

Picha. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Nilikuwa napiga picha kwa simu naipakia vilevile ilivyo, megabaiti nne, picha tano kwenye makala moja. Siku moja nikamwomba mama mdogo aifungue kwenye simu yake, kasimu kadogo ka bei rahisi, na yuko kijijini ambako mtandao ni wa kubahatisha. Tukakaa. Ukurasa mweupe. Tukakaa tena. Akaniuliza, "mwanangu, inakula bando sasa hivi au bado?" Nilisikia vibaya kweli, nikajua nawachaji watu hela kusoma kitu nilichosema ni bure. Saivi kila picha naipunguza mpaka chini ya kilobaiti mia, na unaweza kufanya hivyo bure mtandaoni, tena ukiiweka kwenye mfumo wa WebP inazidi kuwa nyepesi. Google wana kipimo chao, kitu kikubwa kwenye ukurasa kiwe kimeshatokea ndani ya sekunde 2.5, na tena tangu Oktoba 2023 walipotangaza kwamba wamemaliza kuhamia simu, wanachokisoma kwanza ni tovuti yako inavyoonekana kwenye simu sio kwenye kompyuta. Kwa hiyo kumjali mama mdogo na kuijali Google hapa ni kitu kimoja.

Na jina la picha libadilishe kabla hujapakia. IMG-20230411-WA0007 haimwambii mtu wala mashine kitu chochote. kuku-shingo-imepinda-kideri inasema. Jaza na ile sehemu ya maelezo ya picha, kuna wasomaji wasioona wanaosomewa na simu, hao wanaitegemea hiyo.

Linki za ndani, zile za kutoka makala yangu moja kwenda nyingine, nilikuwa naandika "bonyeza hapa" kila mahali. Nimebadilisha zote, naandika "ratiba ya chanjo za vifaranga" na linki inakaa hapohapo kwenye hayo maneno, kwa hiyo hata Google inajua huko mbele kuna nini. Kazi ya jioni moja tu ila ilileta tofauti.

Linki za nje, hizi za tovuti nyingine kukuelekezea wewe, nina kidonda nazo. Kuna jamaa alinifuata inbox akaniambia atanitengenezea linki elfu moja kwa laki na nusu, nitakuwa namba moja ndani ya mwezi. Nilikuwa na hamu, nikalipa. Zikaja linki za tovuti za kamari na za lugha ambazo hata sizisomi, na namba moja sikuiona. Baadaye ndo nikasoma kwamba Google waliwaadhibu watu wa namba hiyo kwa sasisho la Penguin tangu Aprili 2012, yani jamaa alikuwa ananiuzia kitu kilichokufa miaka mingi. Linki zilizonisaidia mimi ni tatu tu: ya chuo kimoja cha mifugo, ya kikundi cha wafugaji, na ya mtu anayeandika mapishi aliyeelekeza wasomaji wake kwangu wajue kuku wa kienyeji anakomaa kwa muda gani. Hizo sikulipia hata senti, niliwapelekea kitu cha kuwafaa tu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilinila miezi mitano mwanzoni kabisa. Fundi aliyenijengea tovuti kwa WordPress aliacha tiki kwenye kile kiboksi cha kuzuia injini za utafutaji, kiko kwenye mipangilio sehemu ya kusoma. Huwa wanakiweka wakati tovuti bado inajengwa, sio vibaya, ila inabidi ukitoe ukimaliza, na yeye hakukitoa. Miezi mitano naandika na hakuna hata makala moja iliyoingia Google! Kwa hiyo leo hii kabla hujafanya chochote andika site: ukifuatisha na anwani ya tovuti yako kwenye Google bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa zako sawa, isipotokea hata moja kaangalie hicho kiboksi, halafu fungua Search Console ambayo ni bure na uwapelekee ramani ya tovuti (sitemap), yani orodha ya kurasa zako.

Hiyo Search Console ndo mwalimu wangu. Inakuonyesha watu wameandika nini, umeonekana mara ngapi, wamebonyeza wangapi, ulikuwa nafasi ya ngapi, na inatunza kumbukumbu za miezi kumi na sita kwa hiyo unaona hata msimu. Yangu inapanda kila kiangazi kideri kinapoanza kuzunguka, ndo maana saivi narekebisha makala mapema kabla ya kiangazi, sio katikati watu washapata hasara. Mi natafuta maneno ambayo niko nafasi ya kumi na moja mpaka ishirini, hayo ndo yako karibu, narudi kwenye makala naongeza jibu la swali hilohilo na picha niliyopiga mwenyewe. Picha yako mwenyewe, banda lako mwenyewe. Google kwenye mwongozo wanaowapa watu wao wa kukagua matokeo waliongeza neno uzoefu Desemba 2022, wanataka kuona kama mwandishi kakigusa hicho kitu anachokisema, na hapo sisi tunaofuga kweli tuna kitu ambacho yule wa "tabaka" hana.

Ile ya kideri nilivyoibadilisha haikupanda kesho yake. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, nikawa naifungua kila asubuhi kabla hata sijanywa chai. Wiki ya sita ndo nikaiona ukurasa wa kwanza, kwa chini huko, ikaendelea kupanda taratibu. Leo iko juu ya ile ya mshubiri. Ile bado ipo, nafasi moja tu nyuma yangu, kwa hiyo kila mwezi narudi naangalia.

Wiki hii naandika ya ndui, maana nimeona watu wanaandika "kuku ana vipele machoni haoni", na nimeangalia walioko juu wanasema ampake mafuta ya taa. Picha nimeshapiga, kuna vifaranga wa jirani wanao huo ugonjwa saivi. Kichwa cha habari bado nakitafuta, kama unafuga na kwenu mnaviita jina lingine hivyo vipele niandikie hapo chini mnasemaje.